Hoteli ya daraja la kati

Hoteli ya daraja la kati (pia: hoteli ya wastani) ni nyumba ya biashara inayowapa wasafiri chumba cha kulala, bafu na huduma za kawaida kwa bei iliyo kati ya ile ya gesti ndogo na ile ya hoteli ya kifahari. Mjini, hoteli za namna hiyo hupatikana hasa karibu na vituo vya mabasi, stesheni za reli, masoko makubwa na ofisi za serikali. Wateja wake ni wafanyabiashara, watumishi walio safarini kikazi, wagonjwa wanaofuata hospitali za rufaa pamoja na ndugu zao, vijana wanaokwenda kwenye usaili, familia zinazohudhuria harusi au msiba, na watalii wasiotaka gharama kubwa.

Kulala hotelini ni mkataba kati ya watu wasiofahamiana. Mkataba huo hufungwa kwa dakika chache kwenye meza ya mapokezi, mara nyingi kwa maneno matupu: chumba, usiku, bei, kifungua kinywa. Kila moja ya maneno hayo lina maana zaidi ya moja, na ugomvi mwingi kati ya wageni na wahudumu hutokea kwa sababu kila upande ulielewa vyake. Makala hii inaeleza maneno hayo na utaratibu wa kulala hotelini, hasa katika miji ya Tanzania na Kenya.

Jina

Neno *hoteli* limeingia katika Kiswahili kutoka Kiingereza *hotel*, ambalo lilitoka Kifaransa *hôtel*. Asili yake ya mbali ni Kilatini *hospitale*, yaani mahali pa kupokea wageni. Shina hilohilo limezaa pia neno *hospitali*.

Katika Kiswahili cha kila siku hoteli ni mahali pa kula pia, na katika miji midogo hiyo ndiyo maana ya kwanza. Anayesema "nimekunywa chai hotelini" hazungumzii chumba. Mahali pa kulala huitwa *gesti*, *loji* au *nyumba ya wageni*. Kwa hiyo msafiri anayeshuka basi usiku na kuuliza "hoteli iko wapi?" anaweza kuelekezwa penye wali na maharage. Ni afadhali aulize "pa kulala".

Historia

Kabla ya kuwepo kwa hoteli, msafiri katika pwani ya Afrika ya Mashariki alilala kwa mwenyeji. Wafanyabiashara wa Uarabuni na Uajemi walikuja kwa majahazi wakati wa upepo wa kaskazi, wakalazimika kungoja kusi iwarudishe kwao. Walihitaji malazi ya miezi, si ya usiku mmoja. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba jahazi lilipotia nanga vijana wa mji walilifuata kwa mashua wakiwa na vyakula, na kila mmoja alimchagua mfanyabiashara na kumtangaza kuwa mgeni wake. Mfanyabiashara alikaa kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia nyingine. Malazi yalikuwa sehemu ya biashara, na mwenyeji alikuwa pia mdhamini wa mgeni mbele ya mji.

Nyumba za mawe za Lamu zimehifadhi alama ya desturi hiyo. Karibu na mlango wa nje kulikuwa na *daka* lenye mabaraza ya kukalia, na chumba cha wageni kiitwacho *sabule* kilitengwa na vyumba vya ndani, ili mgeni apate heshima yake na familia ipate faragha yake. Bara, misafara ilipiga kambi au kupokelewa na wakuu wa vijiji. Huko Bagamoyo, mwisho wa njia ya misafara kutoka Tabora na Ujiji, jengo la kuhifadhia wasafiri wa misafara bado lipo.

Hoteli za kulipia zilikuja pamoja na ukoloni na reli. Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, na Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa hapo mwaka 1904. Hoteli za namna hiyo zilijengwa kwa ajili ya Wazungu. Waafrika waliosafiri waliendelea kulala kwa ndugu, kwa watu wa kwao, au katika nyumba ndogo za kupanga kitanda mitaani. Nyumba hizo ndogo ndizo mama wa gesti za leo.

Hoteli ya daraja la kati kama inavyojulikana sasa ilipata sura yake nchini Marekani. Mwaka 1908 Ellsworth Statler alifungua hoteli mjini Buffalo ambako kila chumba kilikuwa na bafu lake kwa bei ambayo mfanyabiashara wa kawaida aliimudu. Mwaka 1952 Kemmons Wilson alifungua mjini Memphis hoteli ya kwanza ya Holiday Inn, iliyokusudia familia zinazosafiri kwa gari. Mawazo hayo mawili, yaani bafu ndani ya chumba na bei inayojulikana mapema, ndiyo yanayoitofautisha hoteli ya kati na gesti hadi leo.

Nchini Tanzania usafiri wa mabasi uliongeza wateja. Kwa miaka mingi mabasi ya abiria hayakuruhusiwa kutembea usiku kucha, hadi mwaka 2023 safari za usiku ziliporuhusiwa tena. Aliyetoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, Bukoba au Kigoma aliweza kulazimika kulala njiani, na nyumba za wageni zikaongezeka kandokando ya stendi. Kituo kikuu cha mabasi ya mikoani jijini Dar es Salaam kilipohama kutoka Ubungo kwenda Mbezi Luis mwaka 2021, biashara ya malazi nayo ilifuata abiria. Kariakoo imebaki na hoteli nyingi kwa sababu ya soko lake, linalovuta wanunuzi wa mikoani pamoja na wale wa Kongo, Zambia, Malawi na Komoro.

Nyota na madaraja

Hakuna chombo kimoja cha dunia kinachogawa nyota za hoteli. Kila nchi au kundi la nchi lina utaratibu wake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina vigezo vya pamoja vya kupanga hoteli kuanzia nyota moja hadi tano. Nchini Kenya kazi hiyo iko chini ya mamlaka iliyoanzishwa kwa Sheria ya Utalii ya mwaka 2011; Tanzania Bara iko chini ya wizara inayoshughulikia utalii.

Nyota hupima hasa vitu vinavyoweza kuhesabiwa na kukaguliwa: ukubwa wa chumba, bafu, lifti, maji ya moto, mapokezi ya saa 24, njia za kutokea wakati wa moto. Hazipimi kelele za jirani wala ukarimu wa mhudumu. Tena hoteli nyingi za kati hazijapangwa daraja lolote, na nyingine hujichorea nyota zenyewe kwenye bango. Kwa hiyo gesti safi isiyo na nyota inaweza kuwa pazuri kuliko hoteli ya nyota tatu iliyochakaa. Hosteli za makanisa, ambazo zipo katika miji mingi, nazo hutoa malazi ya kiwango cha kati ingawa haziitwi hoteli.

Aina za vyumba

Majina ya vyumba yamechukuliwa kutoka Kiingereza, lakini maana zake zimebadilika njiani.

- *Self* ni chumba chenye choo na bafu ndani. Kisicho self hutumia choo na bafu la pamoja, na bei yake huwa ndogo.
- *Singo* kwa kawaida ni chumba cha kitanda kimoja. Nchini Tanzania kitanda hicho mara nyingi kinatosha watu wawili, na mume na mke hupewa singo bila shida.
- *Dabo* huweza kuwa chumba chenye kitanda kimoja kipana, au chumba chenye vitanda viwili. Katika gesti nyingi za Tanzania maana ya pili ndiyo ya kawaida. Kwenye tovuti za kimataifa maana ya kwanza ndiyo ya kawaida.

Njia salama ni kuacha majina hayo na kutaja vitanda na watu: "Tuko wawili, tunataka vitanda viwili, choo ndani." Inafaa pia kuuliza kama bei inahesabiwa kwa chumba au kwa kichwa, na kama mtoto hulipiwa.

Hesabu ya usiku

Hoteli haiuzi siku, inauza usiku. Mgeni anayeingia Jumatatu jioni na kuondoka Jumatano asubuhi ametumia tarehe tatu za kalenda, lakini analipa usiku mbili.

Ugumu huanza pale hesabu ya hoteli inapokutana na hesabu ya Kiswahili. Kwa desturi ya pwani, siku mpya huanza jua linapotua. Hivyo mzee wa Lamu au Unguja akisema "usiku wa Ijumaa" anaweza kuwa na maana ya usiku unaoanza Alhamisi magharibi, ambao wengine huuita "usiku wa kuamkia Ijumaa". Katika kitabu cha hoteli usiku huohuo ni wa Alhamisi. Atakayewekewa chumba kwa "usiku wa Ijumaa" bila kutaja tarehe anaweza kufika akakuta chumba chake ni cha kesho.

Anayefika baada ya saa sita usiku ana tatizo la namna hiyohiyo. Tuseme basi linaingia saa nane usiku, alfajiri ya tarehe 15. Chumba kinachohitajika ni cha usiku wa tarehe 14. Akiandika tarehe 15 kwenye tovuti, hoteli itamngoja mchana wa tarehe 15, na atakapobisha hodi saa nane usiku ataambiwa hana nafasi, au atalipishwa usiku mwingine. Aandike tarehe 14, kisha apige simu kusema atafika usiku wa manane, ili chumba kisije kikapewa mtu mwingine.

Saa nazo huchanganya. Saa za Kiswahili huhesabiwa kuanzia mapambazuko, kwa hiyo zinapishana na saa za kimataifa kwa saa sita. Hoteli nyingi hutaka mgeni akabidhi chumba saa nne asubuhi, yaani 10:00 kwa saa za kimataifa. Tangazo likiandikwa "saa 4:00 asubuhi", mgeni asiyejua Kiswahili husoma kwamba anafukuzwa kabla ya jua kuchomoza. Mswahili naye akisoma kwenye tovuti kwamba vyumba hutolewa kuanzia 14:00, aondoe saa sita apate saa nane mchana. Kwa saa za 24 kanuni ni moja: saa za mchana, toa sita, kuanzia 19:00 hadi usiku wa manane, toa kumi na nane, baada ya usiku wa manane hadi 6:00, ongeza sita.

Kuweka nafasi na kulipa

Nafasi huwekwa kwa kufika mwenyewe, kwa simu, au kwa tovuti. Anayefika mwenyewe ana faida ya kukiona chumba kabla ya kulipa, na kuomba kuonyeshwa si utovu wa adabu. Anayepiga simu anaweza kupata bei nafuu kuliko ya tovuti, kwa kuwa tovuti za kuwekea nafasi huikata hoteli kamisheni kwa kila mgeni.

Malipo ya simu yamerahisisha kazi. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na leo amana ya chumba hutumwa kwa dakika moja. Urahisi huo huwafaa matapeli pia. Mtu hutangaza picha za hoteli ya kweli, hutoa namba yake mwenyewe, hupokea amana kisha hazimi simu hadi apate ya pili. Kinga ni kulipa kwenye namba ya biashara, ambayo Tanzania huitwa *lipa namba* na Kenya *till* au *paybill*, na kuangalia jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Jina la mtu binafsi badala ya jina la biashara ni sababu ya kusimama na kupiga simu ya mapokezi iliyopatikana kwa njia nyingine.

Kabla ya kutuma amana, mgeni aulize pia kama itarudishwa safari ikivunjika, na mwisho wa kutoa taarifa ni lini.

Bei na kodi

Bei inayotajwa inaweza kuwa na kodi ndani yake au kuwa bado haijaongezewa kodi. Kiwango cha kawaida cha kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ni asilimia 18 Tanzania Bara na Uganda, na asilimia 16 nchini Kenya. Hutozwa na biashara zilizosajiliwa kwa kodi hiyo. Gesti ndogo isiyosajiliwa haipaswi kuitoza.

Kwa mfano, chumba kikitajwa kuwa shilingi za Tanzania 80,000 bila VAT, kodi ya asilimia 18 ni 14,400, na mgeni atalipa 94,400. Kwa usiku tatu tofauti hiyo ni shilingi 43,200, ambazo ni zaidi ya nusu ya bei ya usiku mwingine. Nchini Kenya, chumba cha shilingi 5,000 bila VAT huwa 5,800. Huenda zikaongezeka tozo nyingine za utalii au za serikali za mitaa. Swali moja linatosha: "Bei hii ni ya mwisho, kodi ikiwa ndani?"

Swali la pili ni kifungua kinywa: kimo katika bei au la, na kinahesabiwa kwa chumba au kwa mtu? Katika hoteli nyingi za kati huwa ni chai au kahawa, mkate, mayai, matunda, na pengine chapati, mihogo, viazi vitamu au supu. Anayeondoka na basi la saa kumi na mbili asubuhi atakikosa, lakini akisema tangu jioni anaweza kufungiwa chochote.

Risiti idaiwe wakati wa kulipa. Ni ushahidi wa bei, wa idadi ya usiku na wa malipo yenyewe, na mtumishi aliye safarini kikazi huihitaji kwa mwajiri wake.

Mapokezi na kitabu cha wageni

Kila mgeni huandikishwa. Safu za kawaida ni jina, namba ya kitambulisho au pasipoti, kazi, anakotoka, anakokwenda, tarehe, namba ya chumba na saini. Katika nyumba nyingi za Tanzania kitabu kimekuwa pia na safu ya kabila. Kitabu huwasaidia polisi na maofisa wa uhamiaji, na huisaidia hoteli kujua nani yumo ndani ikitokea ajali. Kwa sababu hiyo jina la kweli ni kwa faida ya mgeni mwenyewe: akipatwa na maradhi usiku, kitabu hicho ndicho kitakachosema ni nani na ndugu zake watafutwe wapi.

Mhudumu anaweza kunakili kitambulisho au kukipiga picha. Si lazima kitambulisho chenyewe kibaki mezani usiku kucha, na msafiri wa nje akichukuliwa pasipoti anaweza kuomba kwa upole irudishwe baada ya kunakiliwa. Namba ya chumba isitajwe kwa sauti mbele ya watu wengine. Mhudumu mzoefu huiandika au kuionyesha kwenye ufunguo.

Ndani ya chumba

Chumba hukaguliwa kabla ya kufungua begi, maana kubadilishiwa ni rahisi wakati shuka hazijalaliwa. Mambo ya kuangalia ni haya:

- *Mlango*: kitasa kinafunga? Lipo komeo la ndani? Dirisha la ghorofa ya chini lina nondo au kitasa?
- *Maji*: bomba linatoa maji sasa, au kuna ndoo tu? Swichi ya hita mara nyingi iko nje ya bafu, na maji huhitaji muda kupata moto. Pale maji yanapopashwa na kifaa cha umeme kilichofungwa juu kwenye bomba la mvua, swichi iwashwe na kuzimwa kwa mikono mikavu.
- *Umeme*: Tanzania, Kenya na Uganda hutumia soketi ya matundu matatu ya mstatili kama Uingereza, Rwanda, Burundi na Kongo hutumia zaidi plagi za pini za mviringo. Inafaa kuuliza kama jenereta huendesha vyumba vyote au taa za korido tu.
- *Mbu*: chandarua kinafika chini na hakina matundu? Kiyoyozi au feni hupunguza usumbufu wa mbu lakini si badala ya chandarua katika maeneo yenye malaria.
- *Kitanda*: shuka zimebadilishwa? Madoa madogo meusi kwenye mishono ya godoro ni dalili ya kunguni.
- *Kelele*: je, chini kuna baa, ukumbi wa harusi au stendi? Chumba cha nyuma au cha ghorofa ya juu huwa na utulivu zaidi.

Katika hoteli mpya ufunguo ni kadi. Kadi hiyo huchomekwa ndani ya kijisanduku karibu na mlango ili umeme wa chumba uwake. Ikitolewa, taa na kiyoyozi huzimika. Ndiyo maana simu iliyoachwa ikichajiwa hukutwa haijajaa. Kadi huacha kufungua mlango muda uliolipiwa unapokwisha.

Usalama wa maisha

Hatari kubwa hotelini si wizi bali moto na hewa ya sumu, kwa sababu mgeni amelala mahali asipopajua. Mfano unaofundishwa mara nyingi ni moto wa hoteli ya MGM Grand mjini Las Vegas, Marekani, tarehe 21 Novemba 1980. Moto ulianzia kwenye mgahawa wa chini, wala haukufika ghorofa za juu. Hata hivyo walikufa watu 85, na wengi wao walikuwa juu: moshi ulipanda kupitia ngazi, mashimo ya lifti na mifereji ya hewa, ukawakuta vyumbani na kwenye korido.

Somo lake ni rahisi. Mara tu baada ya kuweka mizigo, mgeni atoke aitafute ngazi iliyo karibu, ahesabu milango kati ya chumba chake na ngazi hiyo, na ahakikishe kwamba mlango wa chini haujafungwa kwa kufuli. Katika moshi mzito hataona kitu, lakini ataweza kuhesabu milango kwa mkono. Lifti isitumiwe. Hewa safi hubaki chini, kwa hiyo hutambaa. Mlango wa chumba ukiwa wa moto au korido imejaa moshi, abaki ndani, azibe upenyo wa chini kwa taulo lililoloweshwa, na aombe msaada dirishani.

Katika miji ya baridi kama Njombe, Mbeya au Limuru, wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani ili kupata joto. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi ambayo humuua mtu usingizini. Anayesikia baridi aombe blanketi la pili. Hatari hiyohiyo hutoka kwa jenereta iliyowekwa chini ya dirisha la chumba.

Mali ya mgeni

Katika sheria ya asili ya Uingereza, ambayo Tanzania, Kenya na Uganda ziliirithi wakati wa ukoloni, mwenye nyumba ya wageni aliwajibika kwa mali ya mgeni iliyopotea ndani ya nyumba yake. Kwa upande wake alikuwa na haki ya kuzuia mizigo ya mgeni asiyelipa. Sheria zilizofuata, kuanzia ile ya Uingereza ya mwaka 1863, ziliweka kikomo cha fidia, isipokuwa mali ilikabidhiwa kwa mwenye nyumba aitunze, au ilipotea kwa uzembe au wizi wa watumishi wake.

Kwa hiyo bango la "Uongozi hautahusika na upotevu wa mali yoyote" lisichukuliwe kuwa neno la mwisho, ingawa kila nchi sasa ina sheria yake. Linamkumbusha mgeni jambo moja la maana: fedha nyingi na vitu vya thamani vikabidhiwe mapokezi mbele ya shahidi, kwa maandishi yanayotaja kiasi na saa. Fedha zilizokabidhiwa kwa maandishi zina mtu wa kuulizwa. Zilizofichwa chini ya godoro hazina.

Kuondoka

Muda wa kukabidhi chumba ni sehemu ya mkataba, kwa kuwa wahudumu wanahitaji saa chache kukisafisha kwa ajili ya mgeni anayefuata. Anayepitiliza anaweza kutozwa nusu ya bei au usiku mzima. Mwenye basi au treni ya jioni huweza kuomba nyongeza ya saa moja au mbili, au kukabidhi chumba kwa wakati na kuacha begi mapokezi. Maombi hayo hupokelewa vizuri zaidi yakitolewa jana yake.

Katika hoteli nyingi mhudumu hukagua chumba kabla mgeni hajaruhusiwa kutoka: taulo, rimoti, glasi, chandarua. Mgeni asilione hilo kuwa tusi. Mara nyingi kitu kikipungua, mhudumu ndiye anayekatwa mshahara. Mgeni naye akague kitanda, kabati, nyuma ya mlango wa bafu na soketi, ambako chaja husahaulika kuliko kitu kingine chochote. Bahashishi si lazima, na anayetaka kuitoa ampe mhudumu mkononi, kwa kuwa fedha zilizoachwa kitandani bila maelezo humtia mashakani asijue kama ni zake au zimesahauliwa.